Kumbukumbu ya mradi wangu: kurudi kwenye mashindano ya tenisi baada ya kuumia shavu la mguu

Wiki hii mtaalamu wa tiba ya viungo ameniruhusu kucheza mechi ya mashindano, ya kwanza tangu msuli wa shavu la mguu wangu wa kushoto ulipochanika. Jeraha hili huwapata sana wachezaji wa tenisi. Goti langu lilikuwa limenyooka na kisigino kikigusa chini nilipojisukuma ghafla kuuwahi mpira mfupi karibu na neti, nikahisi kama nimepigwa teke kwa nyuma, ilhali hapakuwa na mtu.

Katika kipindi ambacho sikuruhusiwa kukimbia nilipiga mipira nikiwa nimeketi. Wazo hilo nililipata kwa Thomas Muster wa Austria, ambaye mwaka 1989 aligongwa na gari huko Florida na kukatika kano za goti la kushoto, lakini akaendelea na mazoezi akiwa ameketi kwenye benchi maalumu, mguu ukiwa umefungwa. Mwaka 1995 alitwaa ubingwa wa French Open, na mwaka uliofuata akawa namba moja duniani. Sijilinganishi naye hata kidogo; nilichotaka ni mkono na macho visisahau kazi yake wakati mguu unapona.

Kipimo ninachokiamini kuliko kalenda ni kuinua kisigino kwa mguu mmoja, kwanza mguu mzima kisha ulioumia. Kuhesabu pekee hakutoshi, kwa sababu mguu dhaifu hutafuta njia ya mkato: goti hukunjika kidogo, kiwiliwili huegemea mbele, na kisigino huishia chini ya kimo kilichofikiwa mwanzoni. Kwa hiyo niliweka alama ukutani, na kila mara kisigino kilipokosa kuifikia sikuihesabu. Zoezi hilo nililifanya pia goti likiwa limekunjwa, kwani msuli wa juu wa shavu huvuka goti na hulegea linapokunjwa, hivyo kazi kubwa ikauangukia msuli ulio chini yake, ambao wengi wetu huusahau.

Kukimbia moja kwa moja kulirudi mapema na bila shida, jambo lililonifurahisha ingawa halikuthibitisha mengi. Tenisi huchezwa kwa hatua fupi, kusimama ghafla na kugeuka. Kigumu zaidi kilikuwa ule mruko mdogo tunaoufanya mpinzani anapougusa mpira, ambapo miguu yote miwili hutua na papo hapo mmoja husukuma kuelekea upande ambao mpira unakwenda. Video ilionyesha kwamba nilikuwa nikitua zaidi kwa mguu wa kulia, na kwa hiyo nilichelewa kila mpira ulipokwenda kulia kwangu, maana huko anayesukuma ni mguu wa kushoto. Hitilafu hiyo haikuwa na maumivu yoyote, na bila picha nisingeiona. Pigo la kuanzisha nalo lilihitaji subira, kwani mimi hutumia mkono wa kulia na hutua kwa mguu wa kushoto.

Katika mazoezi ya mwisho tumefuata muda wa mechi halisi: sekunde 25 kati ya pointi na sekunde 90 wakati wa kubadilishana upande. Hapo ndipo nilipogundua kwamba msuli hukakamaa nikiketi muda wote huo, kwa hiyo sasa nakunywa maji upesi, nasimama, na kuinua visigino taratibu mpaka mwamuzi atuite.

Nitaanza na mechi za wawili wawili. Uwanja wake ni mpana zaidi, mita 10.97 badala ya 8.23, lakini kila mchezaji hulinda takriban nusu yake, na mbio ndefu ni chache. Nimekubaliana na mwenzangu kwamba shavu likianza kubana kwa namna isiyopungua baada ya mapumziko mawili, tutajitoa hata kama tunaongoza. Mechi za mmoja mmoja zitafuata iwapo asubuhi ya siku inayofuata nitaweza kuifikia ile alama ya ukutani kwa mguu wa kushoto sawasawa na wa kulia.