Bwawa la upepo na safari zangu

Niliporudi kutoka safari ya siku tisa, kitinda mimba wangu ndiye aliyetangulia uani. Hakukaa, akarudi mbio. "Mama, maji yameoza!" Nikadhani ananitania. Kwenda kuchungulia bwawa letu la kuogelea, nikakuta maji ya kijani kibichi, plastiki ina utelezi kama mgongo wa kambare, na viluwiluwi vya mbu vinajipindapinda humo kwa raha zao.

Bwawa lenyewe ni la kawaida, lile la kujaza upepo kwenye pete ya juu: upana mita 3, kimo sentimita 76, maji kama lita 3,800. Kwa mpira wetu mwembamba, kulijaza ni kazi ya kutwa, ndiyo maana sikutaka kuyamwaga kila nikifunga begi. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimefanya nililodhani ni ujanja. Nilitia klorini, ile dawa ya kusafisha maji, mara mbili ya kawaida, nikazima pampu, nikaacha bwawa wazi.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba jua hula klorini. Klorini isiyo na kinga, chini ya jua kali la mchana, hupungua nusu kwa muda wa saa moja hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Piga hesabu: kutia maradufu kuliniongezea kama saa moja tu, si wiki. Kinga yake ni asidi ya sayanuriki, nayo imo tayari ndani ya vile vidonge vya kuyeyuka polepole vinavyowekwa kwenye kikombe kinachoelea. Ubaya wake ni kwamba klorini inatumika na kwisha, lakini asidi hiyo inabaki na kurundikana, na ikizidi, klorini inapoteza makali. Haitoki mpaka upunguze maji na kutia mapya.

Safari ya pili nikaja na kikombe cha vidonge na turubai. Maji hayakugeuka rangi. Ila kwa kuwa pampu ilikuwa imezimwa, kikombe kiliegemea ukutani siku zote hizo, kikaacha doa jeupe ukubwa wa sahani. Mpaka leo lipo.

Safari ya tatu nikamwomba jirani anisaidie, mtu mzima mwenye moyo safi. Nikamweleza kila kitu kuhusu maji, sikumweleza lolote kuhusu upepo. Alfajiri moja akaikuta pete imelegea, akaona bwawa linavuja. Akachukua pampu ya mguu, akajaza mpaka pete ikawa ngumu kama gogo. Kumbe haikuwa imetoboka. Hewa husinyaa kwa baridi ya usiku na kutanuka kwa joto. Kufika alasiri jua limewaka, pete haina pa kupanukia, mshono ukaachia. Ujumbe wake ninao mpaka sasa: "Dada, samahani, bwawa lako limehama." Maji yalikuwa yamepita chini ya uzio hadi kwake. Lawama ni yangu. Pete hujazwa ikiwa na nafasi ya kubonyea kidogo kwa kidole, na ulegevu wa asubuhi usikutie hofu. Nilibandika kiraka, kinashika ingawa sura yake haipendezi.

Siku hizi naangalia urefu wa safari. Siku mbili tatu, nasugua ukuta, nasafisha kichujio, napima kwa karatasi inayobadilika rangi ikichovywa: pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.6, klorini miligramu 3 kwa lita. Kisha nafunika. Pampu naiwekea saa ya kuiwasha na kuizima, na maji nayaacha juu kabisa ya tundu la kuvuta, maana yakishuka chini yake pampu hukauka na kuungua. Ngazi naingiza ndani na geti nafunga kwa kufuli. Turubai si ulinzi wa mtoto. Akilikanyaga linazama naye na kumviringisha, kwa hiyo kama geti halifungiki, mimi namwaga hata kwa safari ya siku moja.

Ikivuka wiki, namwaga bila kubishana na nafsi. Penye joto mbu anaweza kutoka kwenye yai hadi kuruka kwa siku saba hadi kumi, na sitaki kumfanya jirani mtumwa wa bwawa langu. Siku chache kabla naacha kutia dawa hadi karatasi isome sifuri, ndipo maji yanaenda kwenye bustani. Kazi hasa ni kukausha. Mikunjo ya chini hushika maji, na ukilikunja hivyo utafungua kuvu jeusi lenye harufu ya kiatu kilicholowa. Mimi hupangusa kwa taulo kuukuu, halafu nalianika kivulini upande mmoja baada ya mwingine.

Safari iliyopita ilikuwa ya siku tano. Jirani alikuja mara mbili, akapima, akaandika namba kwenye kipande cha boksi na kukitia chini ya jiwe. Chini yake ameongeza: "Upepo sikugusa." Mtoto alishavua viatu kabla sijashusha begi. Nikamzuia, nikachovya karatasi, tukasimama wawili tukingoja rangi ijitokeze.