Punje Nyeusi Juu ya Manda

Tarehe 6 Juni 2012 niliswali alfajiri haraka haraka, nikabeba kiti, karatasi na darubini ya ami yangu, ile ya macho mawili aliyotazamia miamba baharini, nikashuka hadi ukingo wa maji Lamu mjini. Nilikuwa kidato cha tatu. Nilishasoma kwamba jua lingechomoza nyuma ya kisiwa cha Manda likiwa na sayari ya Zuhura usoni, na kwamba kabla ya saa mbili yote yangekuwa yamekwisha.

Kulikodolea jua macho ni kujitafutia upofu. Nikaziba jicho moja la darubini kwa kitambaa, la pili nikalielekeza juani, nikakinga karatasi nyuma yake. Duara la mwanga likatua, dogo kama kisahani cha kahawa, ukingo ukitetemeka kwa upepo wa kusi. Ndani yake punje nyeusi, kama pilipili manga iliyoangukia wali mweupe. Wingu likapita, ikapotea, ikarudi.

Ami akaja na kahawa yake, akainama.

"Hii ndiyo Zuhura?"

Unahodha wote ule, ameiona ikiwaka jioni na alfajiri, nyeusi hakuwahi. Swali lililofuata lilikuwa la baharia: "Huko kuna mai?"

Nikamwambia hakuna maji. Ni sayari ya mawe, ukubwa wake karibu sawa na dunia, ila hewa yake asilimia 96 ni kaboni dayoksaidi, joto likiingia halitoki. Chini ni nyuzi 465 hivi, risasi huyeyuka. Hakushtuka, joto analijua. Nikamjia kwa uzito: hewa ya kule hukandamiza mara 92 kuliko yetu, kama kuzama mita 900 baharini. Hapo akaweka kikombe chini. Ujanani alizamia majongoo ya bahari, na pima kumi tu zilimtoa machozi kwa masikio.

"Wasovieti walitua na chombo, Venera 13, mwaka 1982. Kilidumu dakika 127."

"Kikazama?"

"Kikaiva, ami."

Mimi hasa nilingojea mwisho. Mwaka 1761 Mrusi Lomonosov aliona mng'ao mwembamba pale Zuhura ilipogusa pambizo ya jua, akasema sayari ile ina hewa: ndiyo iliyopinda mwanga. Hila ya namna hiyo inatumika hata leo kwa sayari za nyota nyingine. Ikipita mbele ya nyota yake, mwanga unaopenya pembeni hubeba alama za gesi, kama zipo. Nami nilitaka mng'ao wangu. (Kwa darubini ile, nakiri sasa, nisingeuona hata kwa dua.)

Saa moja unusu ikaingia, na punda wawili wa mchanga nao wakaingia, mbio, bila mchungaji. Wa nyuma akakipiga kiti kwa shogi lake la mchanga. Darubini chali. Mpaka nilipolipata jua tena, pambizo ilibaki na pengo dogo kama biskuti iliyomegwa na panya, kisha hata pengo likajaa.

Machozi yalinilengalenga. Ami akapangusa vumbi la darubini kwa ncha ya kikoi, taratibu, kioo kimoja baada ya kingine.

"Itapita tena lini, mwanangu?"

"Disemba 2117."

Akafikiri kidogo. "Basi mwenye punda tumwambie mapema."