Sulemani na habari za miti

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Somo letu wiki hii ni 1 Wafalme 4:29–34. Hekima ya Sulemani ikitajwa, wengi hukimbilia ile hukumu ya wanawake wawili na mtoto. Mstari wa 33 tunaupita. Pale tunaambiwa mfalme alinena habari za miti, tangu mwerezi wa Lebanoni hata hisopo uotao ukutani. Kuijua miti kumehesabiwa humo humo katika hekima aliyopewa na Mungu.

Sisi wa Moshi tunaijua ipi? Mwerezi tunauimba, saipresi tunaipamba Desemba, paini tunaijua kwa bei ya mbao. Basi. Na hiyo saipresi iliyojaa mashamba ya West Kilimanjaro na Rongai, pamoja na paini aina ya patula, ni wageni kutoka Mexico. Wenyeji wa mlima ni podo na mtarakwa, huu wa pili hasa upande mkavu wa kaskazini.

Yote ni ukoo mmoja, ule wa konifa, yaani miti inayozaa koni, wenye aina zaidi ya 600, na ulikuwepo duniani zamani sana kabla ya mimea ya maua. Mbegu zake hazifungwi ndani ya tunda. Nyingi hukaa wazi kati ya magamba ya koni. Lakini Muumba hakurudia kazi moja mara 600! Podo haina ile koni ngumu tuliyoizoea, mbegu yake imevikwa nyama na ndege huila. Vikoni vya mtarakwa ni laini, vya mviringo, rangi ya samawati iliyokolea. Paini nayo, upepo ukishailetea chavua, hupita kama mwaka mzima ndipo mbegu itungwe. Ziko paini za Amerika Kaskazini ambazo koni zake zimezibwa kwa utomvu, hazifunguki mpaka moto upite. Na kule California, milimani, kuna paini zenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Siku Sulemani anazaliwa, zilikuwa tayari zimezeeka.

Sasa fungua sura ya 5. Mjuzi huyu huyu wa miti anapeleka watu 30,000 Lebanoni kwa zamu, wakakate mierezi. Ilikuwa kwa ajili ya nyumba ya Mungu, na sioni mahali anapokemewa kwa hilo. Ila karne kwa karne wengine nao walikata, na leo mierezi ya Lebanoni imebaki vichaka vichache vinavyolindwa. Nasi msitu wetu wa asili Kilimanjaro uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, kwa hiyo podo ya huko juu haiguswi kisheria.

Ombi langu kwa kamati ya ujenzi, kabla hatujachangia mabenchi mapya: mwuulizeni fundi mbao anazoleta ni za mti gani, na zimevunwa shamba lipi.