Siku moja ndani ya shimo la udongo, ukingoni mwa jangwa la Chalbi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kijiji cha Kalacha bado giza na upepo umeshaanza fujo zake. Chai ya maziwa ya ngamia, sururu, makoleo, mifuko ya sampuli, mitungi ya maji, tunaondoka.

Mimi ni mtaalamu wa udongo. Watu wakisikia hivyo hudhani nashauri wakulima wa mahindi kuhusu mbolea. Nikitaja Marsabit, huniuliza jangwani kuna udongo gani wa kusomea. Upo, tena una mambo.

Saa moja tuko kazini, pale mawe meusi ya volkano yanapoishia na uwanda mweupe wa chumvi unapoanza. Maelfu ya miaka iliyopita hapa palikuwa na ziwa. Maji yalikauka, chumvi ikabaki, na hadi leo kila mvua ikinyesha huiyeyusha, kisha jua huivuta tena juu. Vijana wawili wa kijijini wanachimba. Nusu mita ya kwanza inakwenda vizuri, halafu sururu inaanza kulia: tabaka la chokaa, gumu kama saruji.

Saa nne wakaja watu, na asubuhi yangu ikaishia hapo. Bodaboda mbili, vijana wanne, na mzee mmoja amekaa nyuma.

"Dada, sema ukweli. Ni dhahabu au ni mafuta?"

Siwalaumu. Mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012, ng'ambo ya Ziwa Turkana, na dhahabu ya Dabel iko kaunti hii hii. Mwenye malisho ana haki ya kuuliza anayechimba. Nikatoa barua ya chifu. Wakaisoma, wakaipiga picha, wakataka kumpigia mtu simu, mtandao hakuna. Mmoja akapanda kilima kuutafuta. Mwingine akasema shimo lifukiwe kwanza, mazungumzo baadaye. Nikaeleza, nikarudia, nikaeleza tena kwa mkalimani, jua linapanda na wachimbaji wangu wamekaa chini ya gari. Nilichoka kuliko kama ningeshika sururu mwenyewe.

Mwishowe mzee akasema, "Binti yangu, nionyeshe hicho unachokitafuta."

Tukashuka naye shimoni. Nikadondosha matone ya asidi kwenye ukuta, udongo ukatoa povu jeupe na kuchacharika. Nikamwambia hiyo ndiyo chokaa. Akainama, akamega kipande cha juu, akakionja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Hii ngamia wanaipenda. Lakini kule kwenye miti ya mikoma udongo hauna ukali huu. Mvua ikija, nyasi huanza kule."

Nikaandika neno kwa neno. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi hiyo ikizidi, chembe za udongo wa mfinyanzi huachana na kuziba vitundu vya udongo, kwa hiyo maji hutiririka juu badala ya kuzama. Ndiyo maana mbegu za nyasi hufa mahali pamoja na kushika umbali mfupi tu kutoka hapo. Nimeona miche ikipandwa kwa sherehe na hotuba kwenye ardhi ambayo hakuna aliyeipima, na msimu uliofuata hapakuwa na hata mmoja. Jambo hilo huniuma sana. Wanasema jangwa limekataa, kumbe hakuna aliyeliuliza.

Mchana sikumbuki vizuri saa. Sampuli huchukuliwa kuanzia chini kwenda juu, ili udongo unaoporomoka usichafue tabaka ambalo halijaguswa. Kwa hiyo unapiga magoti chini kabisa, hewa haipiti, jasho linaingia machoni, na bado unatakiwa kulinganisha rangi ya bonge na vibao vya kitabu cha Munsell, kile cha rangi za udongo, kwa utulivu. Lebo mbili kwa kila mfuko, moja ndani na moja nje, kwa penseli, maana wino hufifia. Upepo ukanipokonya lebo, kijana akaikimbilia. Mgongo, magoti, midomo iliyopasuka. Na hata hivyo, ukuta ule ukishasafishwa, tabaka juu ya tabaka, huwa sitaki kutoka.

Jua lilikuwa linazama tulipofukia shimo, kwani mbuzi au mtoto anaweza kutumbukia. Usiku nikakagua mifuko yote kwa tochi. Itakwenda maabara Nairobi, ikaushwe kwa nyuzi 105 kupima unyevu, ichekechwe, ipimwe chumvi na kaboni.

Kesho tunachimba kule kwenye mikoma. Mzee amesema atakuja mapema, na wale vijana wa bodaboda wameuliza kama kuna kibarua. Nimewaambia waje na makoleo.