Siku moja shambani Kigamboni: matango marefu ya Kiasia kwenye joto la Dar

Saa 12 asubuhi. Kazi ya kwanza ni kupima chumvi kwenye tangi. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvichumvi, na tango halivumilii. Maji yakipita 1.7 dS/m (kipimo cha chumvi kwenye maji), mavuno yanaanza kushuka na kingo za majani zinaungua, kwa hiyo tunayachanganya na maji ya mvua. Kisha pampu inawashwa: matone ya lita 2 kwa saa, dakika 20. Mchanga wetu haushiki maji, hivyo tunarudia mara nne kwa siku, karibu lita 2.7 kwa kila mmea mkubwa. Ukimwaga yote kwa mkupuo, mbolea inazama chini ya mizizi, na mmea ukishikwa na kiu mchana tango linakuwa chungu, hasa upande wa kikonyo.

Saa 1. Maua yamefunguka. Jike utalijua kwa kitango kidogo nyuma yake, dume lina kikonyo kitupu. Aina zinazohitaji uchavushaji tunazipanda nje ya neti, yaani nyumba ya wavu, nyuki wafike. Nyuki wakiwa wachache, chuma dume, ng'oa petali, pakaza chavua katikati ya jike kabla ya saa 4. Likichavushwa nusu, tunda linapinda au linakonda ncha. Ndani ya neti panda zile tu zinazozaa bila kuchavushwa. Mwanzoni yanatangulia maua dume matupu, usihangaike.

Saa 2. Kuvuna. Urefu sentimita 25 hadi 30, kata kwa mkasi, bakiza kikonyo kidogo. Tango moja likiachwa likomae, mmea unapunguza kuzaa. Kreti zinawekwa kivulini kabla ya kwenda Kisutu na Masaki. Msiyafukie kwenye barafu! Chini ya nyuzi 10 ngozi inatoka mabaka ya majimaji, na siku chache baadaye yanaoza.

Saa 4. Nzi wa matunda, adui mkubwa kuliko wote. Angalia vitango vya urefu wa kidole: ukiona kitone cha utomvu unaong'aa, na chini yake kishimo kidogo, nzi ameshataga. Kipasue, utakuta funza weupe na nyama iliyolainika. Mtego wa kivutio unanasa madume tu, kwa hiyo peke yake hautoshi. Kinachosaidia ni usafi: kila tunda lililodungwa, hata lililoanguka, lizikwe nusu mita au zaidi. Ukilitupa pembeni, funza wanaingia mchangani na kutoka nzi wapya.

Saa 6 mchana. Kitaluni. Mbegu nyingi za aina hizi huja na maelekezo ya nchi za baridi, na hapa lazima uyageuze. Kanada, kwa mfano, udongo ukiwa chini ya nyuzi 15 mbegu huoza bila kuota, ndiyo maana wanaotesha ndani wiki tatu au nne, wanatandika plastiki nyeusi kupasha udongo, na kuhamisha baada ya jalidi, baridi ya kugandisha, kupita. Dar plastiki nyeusi inapika mizizi. Sisi tunatandaza nyasi kavu. Mbegu inafukiwa sentimita 1 hadi 2, inaota ndani ya siku nne hivi, na mche unahamishwa ukiwa na majani halisi mawili, pamoja na udongo wake wote, maana mizizi ikikatika mche unadumaa. Wao wanapigania joto, sisi tunalipunguza: joto kali linaongeza maua dume na kupunguza majike.

Saa 10. Kufunga na kupogoa. Nafasi sentimita 45 kati ya mimea, kamba ya mita 2. Vichipukizi na vitango vya vifundo vitano vya chini, pale jani linapotokea kwenye shina, vinaondolewa vyote. Ukivionea huruma, mmea unachoka kabla haujafika juu. Mmea ukinyauka mchana huku udongo una maji, ng'oa mmoja uangalie mizizi. Vinundu ni dalili ya minyoo fundo, minyoo midogo inayoshambulia mizizi. Eneo hilo lipumzishwe matango, nyanya na bamia.

Saa 11 jioni. Geuza majani ya chini. Madoa ya njano yenye kona, na ukungu wa kijivu upande wa chini, ni ubwiri vinyoya, ugonjwa wa majani. Yakatwe leo hii yatolewe shambani, na dawa ya kuvu ipigwe mapema ili majani yalale makavu. Masika yakikaribia, tunakagua kila jioni.