Siku moja na sakafu ya msaji, Shangani, Unguja

Saa 1 asubuhi. Kabla ya nyundo, kipima unyevu. Sindano zake mbili tunazichoma kwenye mbao tano au sita zilizotolewa katikati ya rundo, kwa sababu za juu zimepigwa na upepo wa dirishani na zitakudanganya. Msaji huu, yaani mti wa tiki, umelala chumba hiki hiki wiki mbili, umepangwa kwa vijiti katikati hewa ipite. Leo unasoma asilimia 14. Kazi inaanza.

Sakafu nyingi za mbao hapa Unguja huharibika kabla ya msumari wa kwanza. Chumba kisicho na AC huku pwani, ubao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16. AC ikiwaka kutwa, hushuka kwenye 10 au 11. Ubao uliokaushwa tanurini mpaka 8 unapendeza siku unapofunguliwa, lakini ukipigiliwa siku hiyo hiyo, masika yakiingia unavimba na sakafu inanyanyuka katikati. Ubao mbichi hufanya kinyume: unasinyaa, na baada ya kiangazi unaona nyufa za kuingiza sarafu. Kwa hiyo usiulize tu “ni mti gani?” Mninga hauchezi sana, mvule na mkongo ni migumu na hudumu, msaji unavumilia hewa ya bahari. Yote minne itakuaibisha ikipigwa na unyevu usiofaa.

Saa 2. Vipimo. Chumba ni mita 6 kwa 2.7, wembamba wa kawaida wa nyumba kongwe za Mji Mkongwe, maana upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Mbao za kushikia sakafu, inchi 2 kwa 3, tunazilaza kwa urefu wa chumba zikate boriti, uzito ugawike. Zipo nane, sentimita 38 hivi kutoka moja hadi nyingine, zimepakwa dawa ya mchwa pande zote, hasa kwenye ncha zilizokatwa. Sakafu ya chokaa haijawahi kunyooka, kwa hiyo hapa ndipo muda unapokwenda: uzi, pimamaji, vipande vyembamba vya ubao chini, tena pimamaji. Tofauti ikizidi milimita 3 ndani ya mita 2, ubao utalia kila ukikanyagwa.

Chumba cha chini kabisa tunamshauri mwenye nyumba atie vigae. Unyevu unaopanda kutoka ardhini kupitia mawe ya matumbawe hauna subira na mbao.

Saa 4, chai na mandazi.

Saa 4 na nusu. Ubao una uso wa milimita 90, unene 20, ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Zikilazwa kwa upana wa chumba safu ni 67, na ukiongeza sehemu ya kumi kwa mabaki unanunua mita 200. Sasa hesabu inayosahauliwa: kila ubao ukivimba nusu milimita tu, safu 67 zinasukuma milimita 33. Ndiyo maana tunaacha milimita 15 kila mwisho wa chumba, skating, ubao wa chini ya ukuta, itaziba, na kila safu ya tano tunatia kipande cha bati cha milimita 1 na kukitoa baadaye. Jumla inafika 43.

Skrubu ni za chuma cha pua, milimita 4 kwa 50, zinaingia kwa mshazari kwenye ulimi. Toboa kwanza kwa keekee ya milimita 3, la sivyo ulimi unapasuka. Nunua 600. Msumari wa kawaida hapa unaota kutu, na ukigusa msaji wenye unyevu unaacha doa jeusi lisilotoka kwa msasa.

Saa 6. Vanishi kwenye chumba cha pili kilichokwisha pigwa msasa namba 60, 80 na 120, kila mara kufuata nyuzi za mti. Msaji una mafuta yake, kwa hiyo futa kwa tina (kiyeyusha rangi) kwanza, ama vanishi itakataa kukauka. Mkono wa kwanza mwepesi. Tunachagua adhuhuri kwa sababu ndipo hewa ni kavu zaidi; ukipaka jioni, umande unaweza kuacha ukungu mweupe.

Saa 8 hadi saa 10 ni safu tu, na vumbi. Anayekata mvule avae barakoa, unga wake unawasha ngozi na kifua.

Saa 10 na nusu mwenye nyumba anapanda kuangalia.

“Fundi, nitapiga deki kila siku?”

“Hapana, bi mkubwa. Fagia kila siku, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka kisitone. Maji ya ndoo yanaingia kwenye viungo. Na viatu viachwe mlangoni, mchanga wa pwani ni msasa.”

Tunamwomba pia abandike vipande vya zulia chini ya miguu ya viti, na afunge madirisha mvua ikija.

Saa 12 kasoro. Vitambaa vilivyofutia vanishi ya mafuta havifinyangwi vikatupwa kwenye kona, kwa kuwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka usiku. Tunavitandaza kimoja kimoja kwenye kamba ya uwanjani.