Kidole cha shemeji

Mashine ya kuranda imemkata shemeji kidole cha shahada, karakana moja hapa Dar. Bosi kampa elfu hamsini na "pole, uzembe wako." Jamani! Kwa sheria ya Tanzania, fidia ya kuumia kazini haianzi kwa kuuliza nani kakosea. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), anachangia mwajiri, mshahara wako haukatwi hata senti. Matibabu yamo, na sehemu ya kipato unachokosa ukiwa umelala nyumbani nayo imo. Ila dai lipelekwe ndani ya miezi 12. Shemeji anatunza kila karatasi ya hospitali, hata risiti ya bandeji yenye doa la damu. Sasa bosi anapiga simu usiku, eti tuyamalize kifamilia. Familia gani?